Mwisho Wangu Ni Darajani

"Mama, unarudi saa ngapi?"

Sauti ya binti yangu ilinikuta mlangoni, mkono mmoja uko kwenye komeo, mwingine umeshika viatu. Nilikuwa nimetoka chumbani kwa kunyata, kama mwizi, ndani ya nyumba ambayo mapazia yake yote nimeyashona mimi.

"Saa mbili na nusu, kama kawaida."

"Saa mbili na nusu kamili, mama. Zamu yangu inaanza saa tatu, na Bonge akiamka hataki mtu mwingine ila wewe."

"Nimesikia, mwanangu."

"Simu usizime. Na mpite kwenye lami, wewe na wenzako, msiingie kwenye vijia vya matope. Ukianguka nani atakubeba?"

Nikaitikia, nikafunga mlango taratibu, nikakaa kwenye ngazi za ghorofa ya nne kuvaa viatu. Wenzangu! Wenzangu hawakuwepo, mwezi wa pili sasa. Kile kikundi cha kutembea cha akina mama wa jengo letu kilikufa chenyewe: mmoja goti, wa pili kahama, wa tatu alisema usingizi wa Jumamosi ni mtamu kuliko afya. Mimi nikaendelea kuaga kila Jumamosi kama vile kikundi kipo. Mwanamke wa miaka arobaini na tisa, fundi wa mapazia mwenye wateja mji mzima, nadanganya kama msichana wa shule.

Sikufungiwa na mtu mbaya. Hilo ndilo lililonikaba. Mume wangu alipofariki, miaka sita iliyopita, binti yangu alikuja na gari la kukodi, akapakia cherehani, kitanda na masufuria, akasema, "Hukai peke yako, mama, maadamu mimi ni mzima." Nilimshukuru Mungu kwa kuzaa mtoto wa namna hiyo. Halafu akajifungua Bonge. Mume wake ni fundi wa nyaya kubwa za umeme, kazi zake ziko mbali, nyumbani anaonekana mara mbili kwa mwezi. Mtoto akawa wangu. Wateja wakawa wananifuata nyumbani badala ya mimi kuwafuata. Simu yangu ikaunganishwa na yake, akiifungua yake anaona kidoti cha buluu kinatembea mjini. Kidoti hicho ni mimi. Kila alichofanya alikifanya kwa mapenzi, na mapenzi hayo yalinibakishia saa mbili kwa wiki.

Saa hizo mbili nilizipeleka njiani. Nyuma ya jengo letu, ukivuka uwanja wa kuegesha magari, kuna reli ya zamani iliyong'olewa, ikageuzwa kuwa njia ya waenda kwa miguu na wapanda baiskeli. Inapita nyuma ya maghala, inaingia chini ya barabara kuu, inafuata kijito mpaka kwenye daraja la mbao, na ukishavuka hapo inapanda kilima mpaka kwenye matangi ya maji. Mimi niliijua mpaka darajani tu. Kwenda dakika hamsini, kurudi hamsini, na dakika ishirini za kufuta matope na kuupanga uongo. Ng'ambo ya daraja sikuwahi kukanyaga.

Huko ndiko nilikokutana na Mpimaji. Asubuhi hiyo ya kwanza alikuwa anasukuma gurudumu moja lenye mpini mrefu, macho yamezama kwenye namba zinazogeuka pembeni yake. Mwanamume wa miaka hamsini na kitu, sharubu zimeanza mvi, kofia imekaa upande.

"Baiskeli yako imebaki hiyo tu?" nikamuuliza. Sijui ulimi uliniteleza vipi.

"Nyingine wamekula mchwa," akajibu bila kucheka. "Hii inapima njia. Natengeneza ramani ya njia zote za mji huu, za miguu na za baiskeli. Ila ukinisemesha nikapoteza hesabu, nitaanza upya kutoka maghalani, na utanisindikiza."

Nikamsemesha makusudi.

Alipojua nashona mapazia, akaniita Fundi. Alisema sote wawili kazi yetu ni moja, kupima kitu cha mtu mwingine ambacho hatutakaa ndani yake. Aliwahi kuoa ujanani, wakaachana, mtoto hawakujaliwa. Jumamosi ya tatu akaja na baiskeli, akanifundisha kuendesha pale kwenye tambarare ya reli. Alishika kiti kwa nyuma akikimbia, akihema, akisema, "Tazama mbele, Fundi, usinitazame mimi." Nilianguka mara nne. Mara ya tano sikuanguka, na nilipogeuka kumwita, nikamwona amesimama mbali, mikono kiunoni, ananitazama kwa namna ambayo sikutazamwa tangu nilipovaa nguo za msiba. Nikaingia kichakani.

Alifanya mambo kiungwana. Alimtuma dada yake mkubwa nyumbani kuleta neno. Kaka yangu, ambaye ndiye mkubwa wangu aliyebaki, alisema kwenye simu, "Mwanao akiridhika, mimi sina neno." Mwanangu hakuridhika. Alimkaribisha mgeni vizuri, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama yetu hayuko kwenye mambo hayo." Nilikuwa nimekaa pale pale, mtoto mapajani. Sikufungua mdomo. Mgeni alipoondoka, binti yangu akanishika mikono, akaniambia, "Niahidi yamekwisha." Nikaahidi.

Sasa Mpimaji alikuwa amepata barua ya kazi. Mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, miaka miwili ya kupima njia za milimani. Anatakiwa aripoti tarehe mbili. Zilibaki wiki tatu, na Jumamosi hii niliyotoka kwa kunyata ndiyo tuliyokubaliana nimpe jibu.

Nilimkuta chini ya barabara kuu, magari yananguruma juu ya vichwa vyetu. Alikuwa na baiskeli mbili.

"Leo tunavuka," alisema. "Kwa baiskeli, dakika ishirini tuko darajani. Nusu saa nyingine tuko juu. Kushuka ni upepo tu. Saa mbili na nusu uko mlangoni kwako. Nimepiga hesabu mara tatu, Fundi."

"Na nikianguka?"

"Utaanguka na mimi."

Nikapanda. Ewe mtu, wacha! Hewa ya asubuhi ilinipiga usoni, maghala yakapita, kijito kikapita, watu wa mazoezi wakatupisha huku wakipunga mikono. Vijana wawili wenye kofia ngumu walitupita wakipiga kelele, "Kushoto, mama, kaa kushoto!" nami nikakaa kushoto, nacheka peke yangu. Simu ilitetemeka mfukoni mara moja, mara mbili, mara nyingi. Sikuweza kuachia mpini. Kusema kweli sikutaka kuuachia.

Darajani tukasimama kunywa maji. Aliegemea ukingo wa mbao, akanitazama, akatazama maji, akanitazama tena.

"Nilisema nitakuuliza juu," akasema. "Lakini nikifika juu pumzi itaniishia, nikuulize sasa hivi."

"Uliza."

"Utakuja na mimi? Kama mke wangu, si kama mgeni. Nyumba wametoa. Ina chumba chenye dirisha kubwa, nimeshakiona kwenye picha. Cherehani itakaa pale."

Nikajikuta natazama ng'ambo, mahali njia inapoanza kupanda kati ya miti. Nilitaka kusema ndiyo mpaka meno yaliniuma, lakini kila nilipoivuta ndiyo hiyo, ilikuja na sura ya Bonge amesimama kwenye kitanda chake cha mbao, ameshika vyuma vya dirisha, ananililia.

"Mtoto ana miezi kumi na minne," nikasema.

"Najua."

"Binti yangu hana mtu."

"Najua. Nakuuliza wewe, Fundi. Siku zote nikikuuliza wewe, unanijibu wao."

Alinyoosha mkono, akanitoa jani lililonasa kwenye mtandio, akaliacha liende na maji, na vidole vyake vikabaki kidogo karibu na shavu langu. Ni hapo niliposikia pikipiki.

Kuna kibarabara cha magari kinachofika karibu na daraja. Pikipiki ikasimama, akashuka mwanamke mwenye koti jeupe la kazi, mtoto mgongoni, miguuni kiatu kimoja cheusi na kingine cha kahawia. Kwanza sikumtambua. Ndipo akaita.

"Mama!"

Nikasogea hatua moja mbali na Mpimaji.

Alikuja akikimbia kwenye mbao, zikilia chini yake. Alinishika mabega, akanigeuza, akanikagua mikono na uso kama anatafuta jeraha. Machozi yalikuwa yamemkaukia mashavuni.

"Uko mzima? Amekufanya nini?"

"Nani?"

"Kidoti kilikuwa kinakimbia, mama! Wewe hutembei hivyo! Nimepiga simu mara kumi na moja hupokei. Nikajua umetekwa, umetiwa kwenye gari. Nimeteremka kugonga ghorofa ya pili, yule mama ananiambia kikundi kilishakufa zamani. Zamani, mama!" Ndipo macho yake yakaziona baiskeli. Kisha yakamwona mwenye baiskeli. Mikono yake ikaanguka kutoka mabegani mwangu. "Oh."

"Habari za asubuhi, binti," Mpimaji akasema, kofia mkononi.

Hakumjibu. Hakumtazama tena. Alinitazama mimi, na lau angenipiga kofi ingekuwa afadhali.

"Uliniahidi."

"Niliahidi. Nikashindwa."

"Wiki iliyopita uliniambia mgongo unakuuma, huwezi kuinua cherehani. Nimekununulia dawa ya kuchua. Leo uko juu ya baiskeli."

"Mgongo uliuma kweli. Nilianguka."

Nyuma yetu mwenye pikipiki aliguna kwa kicheko, akajifanya anafuta kioo.

"Unacheka na nani?" binti yangu akamgeukia, kisha akarudi kwangu. "Mama, umri wako huo! Watu wakikuona vichakani na mwanamume aliyeachwa na mkewe, watasema nini? Baba angesema nini?"

"Baba yako angeniuliza baiskeli nimejifunza lini."

"Usinifanyie mzaha!"

"Sifanyi mzaha, mwanangu. Nimechoka kujificha. Huyu bwana anataka kunioa. Anaondoka tarehe mbili, anataka niende naye."

Bonge mgongoni alikuwa ameamka, ananyoosha vidole vinene kunifikia. Binti yangu aliangalia saa yake. Nilimwona anavyojikusanya, anavyofunga uso kitufe kimoja kimoja, kama anavyofunga lile koti lake. Akafungua kanga ya mbeleko, akamtoa mtoto, akaniwekea kifuani pamoja na kanga yake.

"Haya. Mimi nina kazi. Watu wanasubiri dawa. Wewe una muda wa kupanda milima, basi una muda wa kumbeba mjukuu wako. Mpeleke nyumbani, umpe maziwa, halafu ukae naye umtazame usoni. Umweleze yeye kwamba unaenda kuolewa. Akikuelewa, nenda."

"Mwanangu, ngoja tuzungumze..."

"Sina la kuzungumza."

Akapanda pikipiki. Hakugeuka nyuma. Mlio ulififia nyuma ya miti, tukabaki watu watatu darajani, mmoja wetu anajaribu kula kishikizo cha blauzi yangu.

Nilisimama. Uzito wa yule mtoto niliujua kila ratili, lakini asubuhi hiyo alikuwa mzito kama mfuko wa saruji. Binti yangu hakuhitaji geti wala kufuli. Alikuwa ameniwekea kufuli lenyewe mikononi, lina meno mawili, linanichekea.

Mpimaji alikaa chini kwenye mbao. Alizungusha kofia yake mikononi.

"Nitakataa kazi," akasema hatimaye. "Nitawaandikia Jumatatu. Hapa mjini pia kuna vijia havijapimwa. Tutakuwa tunaonana Jumamosi."

"Mpaka darajani?"

"Mpaka darajani. Mimi inanitosha."

Alisema kwa upole, na upole ule ulinichoma. Nilimwona miaka mitano mbele, mvi zimejaa, anakaa chini ya barabara kuu na baiskeli mbili, anaangalia saa kwa ajili yangu. Anajifunza kuishi kwenye saa mbili kama nilivyojifunza mimi. Hasira zikanipanda, sijui zilitoka wapi.

"Usithubutu," nikamwambia.

"Fundi..."

"Usithubutu kunifanyia hivyo! Nimeshakaa miaka sita ndani ya wema wa mtu, najua unavyobana. Huwezi kumlaumu aliyekufungia, huwezi kulia mbele yake, kila siku unasema asante. Unataka na mimi nikufungie wewe? Nikuone kila Jumamosi nijue milima yako umeiacha kwa sababu yangu?"

"Sasa unataka nifanye nini?"

Nilitaka kumjibu, nikaangalia saa. Mazoea tu. Ilikuwa saa moja na nusu. Muda wa kugeuka. Miguu yenyewe ilikuwa imeshaelekea mjini. Kisha nikasimama, nikaangalia saa tena, nikamwangalia Bonge.

Nilikuwa nakimbilia nini? Aliyekuwa akinisubiri nyumbani nilikuwa nimembeba. Binti yangu alikuwa ameshaelekea kazini, hatarudi mpaka jioni. Ile nyumba ya ghorofa ya nne haikuwa na mtu.

"Maziwa ya mtoto," nikasema polepole, "yanapatikana wapi huku?"

Alinitazama kama nimeongea lugha ya kigeni. "Nyuma ya kilima, karibu na matangi, kuna duka. Wapanda baiskeli wananunua maji pale."

"Nifunge mbeleko."

Alizifunga baiskeli kwa mnyororo kwenye ukingo wa daraja. Kisha akanisaidia kumfunga Bonge mgongoni, na kwa kuwa hakuwahi kufunga mbeleko maishani mwake, alifanya fundo ambalo lingeweza kuvuta lori. Tukavuka.

Siwezi kusema njia ile ilikuwa nzuri. Ilikuwa ya mawe, mwinuko mkali, mizizi imetokeza kila mahali. Nguzo zake fupi za mbao, alizozipanda Mpimaji mwenyewe na kuzipaka namba, zilisimama kila baada ya mita mia mbili, nami nilisimama kila nguzo kuvuta pumzi. Kwenye nguzo ya saba nikashindwa. Akamchukua mtoto. Bonge, ambaye hakai na mgeni hata dakika moja, alimtazama kwa tuhuma, akamkamata sharubu, akavuta kwa nguvu zake zote.

"Ananipima," Mpimaji akasema, machozi yakimlengalenga.

"Vumilia."

"Navumilia. Lakini anapima kwa nguvu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Na nilipokuwa nimekaa pale, nikamwona anaendelea kupanda pole pole, mkono mmoja umemkinga mtoto kichwa dhidi ya matawi, anamweleza kila mti na kila jiwe kana kwamba mtoto atakuja kumrithi kazi, ndipo nikajua kwamba jibu lilikuwepo siku nyingi. Nilikuwa nasubiri ruhusa tu, na binti yangu, aliyekuwa ameishika, aliihitaji ruhusa ya kuniachia kuliko mimi nilivyoihitaji ya kwenda.

Juu tulifika saa mbili na dakika kumi na tano. Matangi mawili makubwa ya saruji, uzio, duka la mabati. Mji wote ulikuwa chini. Nilitafuta jengo letu. Niliyaona majengo ya rangi ile zaidi ya thelathini, yote yana madirisha yale yale, nikashindwa kujua letu ni lipi.

Bonge alikunywa maziwa, akalala begani kwangu. Mpimaji hakuniuliza kitu. Alisimama kando yangu akihema, bega lake limegusana na langu.

"Niulize tena," nikamwambia.

"Utakuja na mimi?"

"Nitakuja."

Hakuruka, hakupiga kelele. Alivua kofia, akajifunika nayo uso, akakaa hivyo. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Lakini sitaondoka kwa kutoroka," nikasema. "Nimedanganya vya kutosha. Namwambia leo."

"Twende wote."

"Hapana. Hili ni langu na mwanangu."

Tuliposhuka, aliniacha kwenye kona ya mtaa wa famasi anayofanyia kazi binti yangu, akaondoka akiendesha baiskeli moja na kuiburuta nyingine, akigeuka kila hatua mbili mpaka nikaogopa atagongwa.

Famasi ilikuwa imejaa. Jumamosi ndiyo siku yao. Binti yangu alikuwa nyuma ya kioo, kwenye kidirisha kidogo cha kutolea dawa, na mbele yake foleni ya watu wapatao kumi, wengine wamekaa kwenye benchi. Hakuniona. Ningeweza kupita mlango wa pembeni, wafanyakazi wote wananijua. Nikakaa kwenye foleni, mtoto begani, matope mpaka magotini, hadi nikafika kwenye kidirisha.

"Karibu, nikusaidie na..." Akainua macho. "Mama! Bonge ana nini?"

"Hana kitu. Amelala."

"Mbona mko hivyo? Hamkwenda nyumbani?"

"Tulipanda mpaka juu. Mwanangu, nisikilize. Nimemkubali yule bwana. Tutafunga ndoa, na tarehe mbili tutaondoka. Sikutaka uambiwe na mtu mwingine."

Karatasi ya dawa iliyokuwa mkononi mwake iliinama taratibu. Akasogea karibu na kidirisha, akanong'ona, "Mama, hapa ni kazini."

"Ndiyo maana nimekuja hapa. Nyumbani utalia, na mimi nikikuona unalia nitasema nimeghairi."

Alinitazama mpaka mzee aliyekuwa nyuma yangu akaanza kukohoa. Kisha akanyoosha shingo, akatazama juu ya bega langu.

"Anayefuata," akasema.

Nikasogea. Mzee akachukua nafasi yangu, akaanza kueleza habari za tumbo lake. Mlango ulikuwa hatua tano kutoka pale. Ningeondoka, ingekuwa imekwisha: nimesema, amesikia. Lakini miguu ilinipeleka mwisho wa foleni, nikasimama nyuma ya mwanamke mwenye mwavuli.

Aligeuka, akaniangalia. "Dada, si umetoka dirishani sasa hivi? Dawa imekosekana?"

"Ipo," nikamwambia. "Sijapewa bado."

Foleni ilisogea. Mtu mmoja, mtu mwingine. Binti yangu alitoa dawa, alieleza vidonge vingapi asubuhi na vingapi jioni, sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Lakini kila mteja alipoondoka, macho yake yalikuja kuhesabu nimebaki wa ngapi. Wa nane. Wa tano. Nilipobaki wa pili alitoa kitambaa mfukoni, akajifuta pua haraka haraka.

Nikafika.

"Bado upo," akasema.

"Bado nipo."

Aliweka viganja vyake viwili kwenye meza, akaviangalia. Alipoongea, ile sauti ya kazini ilikuwa imekwisha. Ilikuwa sauti niliyoijua akiwa na miaka saba.

"Mimi nitabaki na nani, mama?"

"Na mumeo. Na mwanao. Na mimi, kila ukinihitaji."

"Baba ameondoka, na wewe unaondoka."

"Siendi alikokwenda baba yako, mwanangu. Mimi naolewa."

Mdomo wake ulipinda. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, kikatoka pamoja na machozi, akageuka upande wa rafu akajifanya anatafuta dawa. Mwenzake wa zamu alimtazama, akanitazama, akaenda kujishughulisha na jokofu.

"Nilijua," akasema akiwa amenipa kisogo. "Siku ile dada yake alipokuja niliuona uso wako. Nilijua. Nikasema hapana kabla hujasema ndiyo."

"Nami nikanyamaza. Kosa letu sote."

"Wiki tatu, mama. Wiki tatu nitampata wapi mtu wa kukaa na mtoto?"

"Tutamtafuta wote. Naanza leo."

"Hatakuwa kama wewe."

"Hatakuwa."

Alirudi kwenye kidirisha. Alipitisha mkono kwenye ile nafasi ndogo ya kutolea dawa, akamgusa Bonge kisigino, akakishika kidogo. Kilikuwa na vumbi la kilimani. Alilifuta kwa kidole gumba.

"Mwambie aje kesho mchana," akasema. "Aje yeye mwenyewe, asitume mtu. Aje kwa mlango, akae kwenye kiti, aongee na mimi. Nitampigia na mjomba awe anasikiliza kwenye simu."

"Nitamwambia."

"Sijasema nimekubali, mama. Nimesema aje."

Niliitikia kwa kichwa tu. Niliogopa nikifungua mdomo nitaharibu. Nikamkumbatia mtoto vizuri, nikasogea pembeni kumpisha mteja aliyekuwa nyuma yangu.